Dakika 8 za Kepler

Namba zinazopimwa na binadamu huja na kosa ndani yake. Anayetafuta mlinganyo katika namba hizo lazima ajue kosa lipi la kusamehe na lipi la kukataa, na kwa ufundi huo sijaona wa kumshinda mwanaastronomia Johannes Kepler.

Alirithi vipimo vya Tycho Brahe, Mdenmark aliyefariki Prague mwaka 1601 baada ya kuichunguza anga miaka mingi bila darubini. Vipimo vyake vizuri vilikosea kwa dakika 1 au 2 tu za pembe, na digrii moja ina dakika 60.

Kepler aliianza njia ya Mirihi kwa duara, kama wengi waliomtangulia. Alichukua vipimo 4 vya nyakati ambazo Dunia ilikuwa katikati ya Jua na Mirihi, akakokotoa kwa mkono, akarudia tena na tena. Mwenyewe aliandika kuwa ni mara 70 au zaidi. Kisha akaijaribu modeli kwa vipimo vingine vya aina hiyo ambavyo hakuvitumia kuiunda. Ikakubali, tofauti zikiwa takriban dakika 2. Wengi wangechapa kitabu hapo hapo. Yeye akaijaribu kwa vipimo vinavyofichua umbali, ikaanguka. Akairekebisha ili umbali ukae sawa, na sasa uelekeo ukakosea kwa dakika 8.

Dakika 8 ni kama robo ya upana wa Mwezi mpevu tunavyouona. Ptolemaio, mwanaastronomia wa kale, angezipuuza, tena kwa haki, maana vipimo vya zama zake vilikosea kwa dakika 10 hivi. Tycho hakukosea kiasi hicho. Basi kosa lilikuwa kwenye duara.

Akaanza upya, na hatua iliyofuata inanifurahisha kila niisomapo. Mirihi hurudi palepale kila baada ya siku 687, wakati Dunia iko kwingine. Akaoanisha vipimo vilivyopishana siku 687, Mirihi ikawa kama nguzo iliyosimama, naye akaichora kwanza njia ya Dunia yetu. Baada ya hapo ndipo alipoifikia duaradufu, akaitangaza mwaka 1609 katika *Astronomia Nova*.

Siku hizi kompyuta hujaribu maelfu ya milinganyo kwa muda mfupi. Wewe unayejifunza kazi hii ya kutafuta milinganyo, kabla hujaiamini modeli yako, muulize aliyepima: chombo chako hukosea kwa kiasi gani?