Stendi ya Pembeni Haifungi Pikipiki

Ile video mmeshaiona. Tela la ekseli moja nyuma ya pikapu, pikipiki iko juu, safari ni ya Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Kijana anafanya kazi yake bila papara mpaka pale anaponyoosha mguu, anashusha stendi ya pembeni, anaiacha pikipiki ilale kushoto, ndipo anaanza kukaza mikanda. Yote yaliyofuata, pamoja na ile picha ya pikipiki ikiwa chali juu ya bati huku klachi imevunjika, yalitoka kwenye mguu ule.

Wengi walioniandikia wanalaumu mikanda. Mikanda haina kosa. Pikipiki iliyofungwa vizuri hushikwa na pande mbili zinazovutana: mikanda inavuta chini, springi za fok zinasukuma juu. Ukizikandamiza springi mpaka karibu nusu ya mwendo wake, tela likiruka na kushuka, mkanda haupati nafasi ya kulegea kwa sababu springi inaufuata papo hapo. Sasa weka stendi chini. Stendi ni chuma, haifupiki. Kila unapovuta pikipiki ishuke, chuma kile kinaikataza upande wa kushoto na kuisukuma kulia. Springi hazikulala hata kidogo; rudia video uangalie fok, zimebaki ndefu vilevile. Kijana alidhani amekaza kwa sababu racheti ilikuwa ngumu mkononi. Alikuwa anashindana na stendi, nayo stendi ilikuwa inalikunja lile sikio dogo lililochomelewa kwenye fremu, ambalo kazi yake ni kubeba pikipiki iliyoegeshwa na basi.

Halafu njoo barabarani. Kona ya kulia huitupa pikipiki kushoto, uzito wote unamwagikia stendi. Kona ya kushoto huitupa kulia, na hapo ni mkanda wa kushoto pekee unaoweza kuizuia; lakini kwa kuwa springi hazikulala, mkanda ule hauna akiba. Pikipiki inanyanyuka kidogo, inadakwa na mkanda kwa kishindo, inarudi kuipigilia stendi kwenye bati. Zidisha hayo kwa matuta na rasta za Mikumi, halafu ndiyo kwanza unaanza kupanda kona za Kitonga. Stendi ikijikunja inchi moja tu, mkanda unalegea kabisa, ndoano inachomoka yenyewe. Hakuna bahati mbaya hapo.

Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195, kinataka mzigo wa barabarani uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na ubavuni asilimia 50. Kwa pikipiki ya kilo 120, hiyo ni kama kilo 96 zikiisukuma mbele dereva anapokanyaga breki ghafla, na kilo 60 zikiisukuma ubavuni. Nani atakayekubali kuziacha kilo 60 zigongegonge kwenye sikio la stendi kutwa nzima?

Mengine aliyafanya sawa: mikanda mipya, gurudumu la mbele limegusa ukuta wa tela, koki ya mafuta imefungwa, nyuma imefungwa pande zote mbili.

Watetezi wake wanarudia hoja ileile ya miaka yote, kwamba fok zikikandamizwa safari nzima zitavujisha oili. Nusu ya mwendo haiui sili iliyo nzima. Mwenye wasiwasi aweke kipande cha mbao kati ya tairi la mbele na kiungo cha chini kinachoshika fok, kama wanavyofanya watu wa motokrosi, kisha akaze. Pikipiki isimame wima, stendi juu, mikanda miwili ya mbele ikishuka kwa pembe ya kama digrii 45 kwenda mbele na nje, ikishika kiungo hicho cha chini. Si usukani. Nimechoka kuona ndoano kwenye usukani. Usukani huzunguka kwenye vishikio vyake, na kila ukizunguka, mkanda unalegea. Na mipira ya tyubu mnayoipenda ifungeni kwenye magunia ya mkaa. Mpira unanyumbuka, na kitu kinachonyumbuka hakizuii pikipiki isiondoke.

Tumetoka mbali mpaka kufika hapa, na inauma. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kukatiwa njia ya mafuta ya kusini, mapipa ya mafuta yalipanda malori kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia kwa barabara ya vumbi na matope iliyopewa jina la Jehanamu, miaka kabla ya bomba la mafuta la TAZAMA kukamilika 1968. Malori yalianguka, watu walikufa. Utingo wa zama zile hawakuwa na racheti. Walikuwa na kamba, minyororo na macho. Mzigo ulibanwa mpaka ukawa kitu kimoja na lori, kwa sababu pipa lililopata nafasi ya kucheza lingeua. Mpe mmoja wao mikanda ya kijana huyu, pikipiki ingefika Mbeya bila hata kioo kuguswa.

Utingo yule pia angeshuka Kibaha. Mkanda wowote hulegea kidogo mwanzoni, tairi za pikipiki zikishajikalia na nyuzi zikishanyooka. Kilomita 40 za kwanza ndizo zinazotaka ukaguzi. Dakika tano za kuzunguka tela zingemwonyesha stendi ilivyokwisha kuanza kupinda.

Mwenye pikipiki, nasikia, anatafuta fundi wa kulichomelea sikio lile. Asilichomelee kabla fremu haijapimwa. Bomba la fremu likiwa limevutwa pamoja na sikio, kuchomelea kutaficha ufa tu, na ufa huo utakuwa chini ya miguu yake.