Fundi wa Mwanga Nyuma ya Pazia

Wanaoandika juu ya muziki wa roki wa Marekani na Uingereza wa miaka ya 1960 huwataja wapiga gitaa na waimbaji kwa majina, na wengine hawakosi kutaja hata vipaza sauti vilivyotumika. Ni wachache mno wanaomkumbuka mtu aliyesimama gizani, mikono imelowa rangi, akiujaza ukuta mzima wa ukumbi kwa maumbo yenye kutanuka na kunywea kwa kufuata mapigo ya muziki. Huyo ndiye tunayekusudia kumzungumzia hapa, na kuuliza kama alikuwa msanii kamili au mpambaji wa ukumbi tu. Swali hilo si la mzaha, kwani lilipata kuwagombanisha watu kwa fedha na kwa heshima.

Kwanza hapana budi tuondoe dhana moja. Imezoeleka kusemwa kwamba sanaa hii ni mtoto wa dawa ya kulevya ya LSD, basi haistahili kuhakikiwa. Ni kweli kwamba wengi katika kumbi zile waliitumia dawa hiyo, ambayo jimbo la California liliipiga marufuku Oktoba 1966, nasi hatuna la kuitetea. Lakini chimbuko la sanaa yenyewe ni kongwe zaidi. Mwaka 1952, Seymour Locks, mwalimu wa sanaa katika Chuo cha San Francisco State, aliwaonyesha walimu wenzake waliokutana mkutanoni jinsi rangi zinavyocheza katika chombo cha kioo kilichowekwa juu ya projekta, huku wanamuziki wa jazi wakipiga. Projekta yenyewe ilikuwa ile ile aijuayo mwalimu yeyote, ya kulaza maandishi juu ya kioo yakaonekana ukutani. Elias Romero aliiendeleza kazi hiyo, Bill Ham akaipokea, na kufikia mwaka 1966 ilikuwa imeingia katika kumbi za dansi za San Francisco kama vile Avalon Ballroom. Sanaa iliyoitwa ya wahuni, basi, ilizaliwa mbele ya walimu.

Ufundi wake ni rahisi kueleza na mgumu kutenda. Fundi huchukua vioo viwili vilivyobonyea, mfano wa vile vinavyofunika uso wa saa kubwa ya ukutani. Katika cha chini humimina maji yenye rangi moja na mafuta yenye rangi nyingine, kisha hukilaza cha pili juu yake. Maji na mafuta, kama ajuavyo mpishi yeyote, hayapatani. Kila kimoja hujikusanya na kumkimbia mwenzake. Fundi akikibonyeza kioo cha juu kwa vidole, matone hutawanyika. Akikiachia, hurudi na kukumbatiana. Hapo ndipo penye roho ya kazi: mkono ule hupiga mapigo yale yale ya ngoma, na mwanga ukutani hudunda pamoja nayo. Joto la taa nalo hutia mkono wake, kwa kuwa huyachemsha na kuyasogeza yaliyomo bila kuomba ruhusa. Wengine waliongeza picha za slaidi, vipande vya filamu ya milimita 16 vilivyounganishwa ncha kwa ncha ili vijirudie, na taa za kumetameta. Mapambo hayo yalisaidia, ingawa mara nyingine yalizidi mpaka jicho likachoka kabla ya sikio.

Kabla ya hao wote alikuwako Thomas Wilfred, aliyeonyesha hadharani huko New York mwaka 1922 mtambo wake wa kupiga mwanga alioupa jina la Clavilux. Wilfred alishikilia kwamba mwanga ni sanaa yenye kujitegemea, akauonyesha katika ukimya. Tunamheshimu kwa msimamo huo, kwani alikataa kuufanya mwanga kijakazi wa muziki. Hata hivyo, twaona kwamba mafundi wa miaka ya 1960 walithubutu jambo gumu zaidi: kukaa pamoja na muziki bila kumezwa nao. Mpiga ngoma hodari huitazama miguu ya mchezaji, na mchezaji huisikiliza ngoma. Hakuna kati yao aliye mtumwa wa mwenziwe.

Je, walifaulu? Kwa kipimo hicho, si sikuzote. Katika ukumbi wa Fillmore East, New York, uliofunguliwa Machi 1968 na kufungwa Juni 1971, kikundi cha Joshua White kilifanya kazi nyuma ya pazia kubwa, kikitupa mwanga kutoka upande wa pili. Ustadi wake ulikuwa wa hali ya juu, na jina la kikundi liliandikwa nje ya ukumbi pamoja na majina ya wanamuziki. Lakini pazia lilikuwa migongoni mwa wapigaji. Mwanga uliwasikia wao, wao hawakuuona. Ni kiitikio ambacho mwimbishaji hakisikii. Huko London, Mark Boyle na Joan Hills, waliofanya kazi katika klabu ya UFO iliyoanza Desemba 1966, walizimwaga rangi juu ya wanamuziki wenyewe, wakitumia kemikali zilizokuwa zikimenyuka machoni pa watu. Kwetu sisi njia hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi lengo, kwa kuwa mpigaji alicheza ndani ya mwanga.

Mwaka 1969 mafundi wa San Francisco, wakiwa wameungana katika chama chao, waligoma wakidai malipo bora. Wenye kumbi walijibu kwamba watu hununua tiketi kwa ajili ya muziki. Mgomo ukashindwa. Jibu lile lilikuwa la mfanyabiashara, wala hatulishangai. Tunachosikitikia ni kwamba wahakiki wengi walilikubali kama hukumu ya sanaa. Jumba la Tate Liverpool liliweka maonyesho ya sanaa za kipindi kile mwaka 2005, zaidi ya miaka thelathini baada ya taa kuzimwa.

Siku hizi skrini kubwa huongozwa na kompyuta, na mara nyingi picha ya jana ndiyo ya leo, hata kama mpiga ngoma amebadili mwendo. Shule yenye projekta ya zamani iliyosahauliwa stoo yaweza kujaribu ile njia ya kwanza. Bakuli mbili za kioo zenye kuingiana, maji ya rangi na mafuta ya kupikia vyatosha. Spiriti isikaribishwe, maana taa huwa ya moto. Mwanafunzi mmoja apige ngoma, mwingine abonyeze kioo, na darasa litazame ni nani anayemfuata mwenziwe.