Kiti Kabla ya Herufi

Ukitoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Entebbe, Katwe utaisikia kabla hujaiona: nyundo juu ya bati, msumeno juu ya nondo, mlio wa kuchomelea. Hapa vyuma chakavu hugeuka sigiri, mageti na vitanda. Ukitaka kumjua fundi hodari, mwagize kitu kidogo: kiti cha mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo, anayetaka kuanza chekechea.

Kazi huanzia nyongani. Mama anamshikilia mtoto wima, fundi anapima kwa futi kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha anapunguza upana wa vidole viwili. Kiti kikizidi urefu huo, mtoto huteleza mbele, mgongo hupinda, kichwa huangukia kifuani. Akilishwa akiwa hivyo, hupaliwa. Kipimo cha goti hadi kisigino huamua pa kukanyagia, na kile cha kiwiko huamua kimo cha meza. Mkanda hupita kwenye nyonga, si tumboni, ukivuta chini na nyuma. Miguu ikiwa na tabia ya kupishana kama mkasi, huwekwa kizuizi laini katikati ya mapaja.

Ukali wote huo ni kwa ajili ya mikono. Mtoto asiye na mhimili huitumia mikono yake kujizuia asianguke. Nyonga zikishikwa, mikono hupata nafasi ya kuokota vizibo, kuvipanga kwa rangi, kushika chaki. Macho nayo hutulia kwa mwalimu.

Chuma si lazima. Zimbabwe, katika miaka ya 1970, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza vifaa kwa karatasi na maboksi, na viti vya aina hiyo vimeenea hadi Afrika Mashariki. Maboksi hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, hukandamizwa kwa mawe, huanikwa hadi yakauke kabisa, ndipo hukatwa na kupakwa vanishi ili mkojo na maji visipenye. Anayeharakisha kukausha huambulia ukungu. Kwingine Kampala, Katalemwa Cheshire Home ina karakana ya vifaa vya watoto wenye ulemavu.

Mwaka 1997 Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila ada kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Chekechea haikuguswa, kwa sehemu kubwa imebaki mikononi mwa watu binafsi, makanisa na misikiti. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha walimu wa elimu maalumu, lakini mwalimu hata awe mahiri vipi, akimpakata mtoto mmoja kutwa nzima hawezi kuwafundisha wengine.

Fundi mzuri huacha safu ya matundu ya boliti kwenye miguu ya kiti, ili pa kukanyagia pashushwe mtoto anaporefuka, naye huomba aletewe tena apime upya. Mwalimu naye afuate mfano huo: kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajui, ainame chini ya meza aangalie kama nyayo zake zimefika mahali pa kukanyagia.