Miguu na Mikono ya Jeshi: Mjadala wa Chanzo na Mwenendo wa Vita Vikuu katika Maandishi ya Afrika Mashariki

Uhakiki wa maandishi yanayohusu Vita Vikuu viwili vya dunia umezoea kuligawa suala hilo mafungu mawili. Chanzo cha vita huachiwa wanahistoria, kwa hoja kwamba kilizaliwa Ulaya na hakimhusu mtunzi wa huku. Mwenendo wa vita, yaani ushujaa, ukatili, utiifu na usaliti, ndio huhesabiwa kuwa mali ya fasihi. Mgawanyo huo una kasoro, na kasoro yenyewe huonekana upesi zaidi mtu akiyasoma maandishi hayo akiwa Mtopanga kuliko akiwa London. Makala haya yanadai kwamba kwa watu wa pwani chanzo na mwenendo havitenganiki: namna watu walivyotiwa vitani ndiyo hoja yenyewe juu ya uhalali wa vita. Aidha, yanadai kwamba tungo zilizoliona jambo hilo vizuri ni zile zilizoruhusu sauti mbili kupingana.

Mtopanga ni mtaa wa Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, ambako Wagiriama na Wamijikenda wengine, Waswahili na wageni kutoka bara wamejenga mlango kwa mlango. Kusini yake, mwendo mfupi, iko Nyali, alikokuwa na shamba la mkonge Mwingereza A. J. B. Wavell. Huyu ndiye aliyekwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari. Vita vilipozuka aliunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, akauawa pamoja na baadhi ya watu wake huko Mwele Januari 1916. Kaskazini na magharibi ya mtaa huo ndiyo njia ya kwenda nchi ya Wagiriama. Ukivuka daraja la Nyali kuingia kisiwani utafika kwenye sanamu ya askari iliyoko barabara ya Jomo Kenyatta. Msomaji wa Mtopanga, basi, amezungukwa na matini za vita kabla hajafungua kitabu, na matini hizo hazikubaliani.

Yafaa kuanza na ile sanamu, kwa kuwa ndiyo matini iliyosomwa na watu wengi zaidi. Sanamu za askari zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1920, na maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Husifu askari wa Kiafrika waliopigana, kisha huwataja wapagazi na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Mwisho huja ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sitiari ya miguu na mikono imesifiwa kwa wepesi wake, na ni kweli kwamba ni nyepesi. Lakini sitiari haina budi kupimwa kwa kile inachokiacha nje. Mwili uliopewa miguu na mikono tu hauna kichwa wala kinywa. Mguu hauulizi uendako. Mkono hauulizi mzigo ni wa nani. Kwa kumfanya mpagazi kuwa kiungo, mtunzi amelimaliza swali la chanzo kabla halijaulizwa, kwa kuwa swali hilo huulizwa na mtu mzima, si na kiungo chake. Ahadi inayofuata ina dosari ya aina nyingine. Sharti lake ni kuipigania nchi yako, na mpagazi aliyekamatwa Kilifi na kupelekwa Rufiji alikuwa akiipigania nchi ya nani? Zaidi ya hayo, majina yanayoahidiwa kukumbukwa hayakuandikwa. Wavell ana nguzo yake karibu na Fort Jesus, na jina lake lipo. Wapagazi wana kifungu kimoja cha sentensi.

Si kwamba watu hao walikuwa wachache. Sheria ya mwaka 1915 iliiwezesha serikali ya Kenya ya wakati ule kuwachukua wanaume kwa nguvu, na msako wa 1917, uliosimamiwa na John Ainsworth, ulizoa vijana wa wilaya nzima nzima. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na chakula wasichokizoea. Mwaka 2021 kamati ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Lugha ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kutunza ilichoweza. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi cha wapagazi lililotamkwa na wenyewe. Watu wameingia sokoni humo kila siku kwa karne nzima wakilitaja jeshi pasipo kumtaja mtu.

Kuhusu chanzo chenyewe, vitabu vya shule husema kwamba Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914 ili kuitetea Ubelgiji, nchi ndogo iliyovamiwa na jirani mwenye nguvu. Tarehe hiyo hiyo ina maana nyingine kwa Mgiriama. Siku ile ile serikali ya Kiingereza iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama katika nyika ya Kaloleni. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwalisha watu kiapo tangu 1913 wakatae kutoa vijana wa kazi. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi. Wiki zilizofuata baruti hiyo zilileta vita: nyumba zilichomwa, mbuzi wakatwaliwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Kwa hiyo dola iliyotangaza kulitetea taifa dogo dhidi ya jirani mwenye nguvu ilikuwa, katika saa zile zile, ikilipua mahali patakatifu pa taifa dogo lililokuwa chini yake. Haihitajiki nadharia yoyote kuuona ukinzani huu. Inahitajika kalenda tu.

Wako watakaosema kwamba kuziweka tarehe hizo mbili pamoja ni ujanja wa mhakiki, kwa sababu mgogoro wa Giriama ulitangulia vita vya Ulaya na haukusababishwa navyo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande mmoja. Lakini swali halikuwa kama Sarajevo ilisababisha Kaya Fungo. Swali ni kama dola inaweza kupewa haki ya sababu yake njema wakati mwenendo wake kwa raia zake wasio na kura unaikanusha sababu hiyo hiyo. Hata Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wa kuziweka makoloni za eneo hilo nje ya vita vya Ulaya. Mlango huo haukutumiwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliishambulia Dar es Salaam, na upande wa Wajerumani Lettow-Vorbeck aliyachukua mapigano kwa miaka minne kupitia vijiji vya watu, akila akiba zao, hadi alipoweka silaha chini Novemba 1918. Hakuna upande hapa unaoweza kuazimwa mizani ya kuupimia mwingine.

Vita vya pili vina sura tofauti, na hapa ndipo uhakiki unapopaswa kwenda polepole. Kazi kubwa ya Kiswahili juu yake ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, wenye beti zipatazo 3,000. Wahakiki wa itikadi za miaka ya sabini na themanini walizoea kumlaumu Shaaban kwa kuwa upande wa mkoloni. Lawama hiyo ni ya haraka. Mtunzi aliyemwona Hitler kuwa dhalimu hakukosea, na historia haikumkosoa. Tatizo la utenzi huo haliko katika upande alioushika, bali katika neno moja la anwani yake. Uhuru gani, na wa nani? Mwaka 1945, vita hivyo vilipokwisha, Tanganyika haikuwa huru, wala Kenya.

Kanuni za utanzu zina sehemu yake katika tatizo hilo. Utenzi wa vita umerithi umbo la masimulizi ya vita vya dini: kuna haki, kuna batili, na nafsineni husimama upande wa haki tangu dua ya ufunguzi. Umbo hilo ni hodari sana katika kuhukumu mwenendo. Hujua kusifu subira na kulaani hila. Lakini chanzo hulipokea kikiwa tayari kimehukumiwa, maana utenzi wenye mashaka juu ya sababu ya vita vyake ungevunjika katikati. Shaaban mwenyewe yaelekea alilihisi jambo hilo. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, hakutumia umbo la vita. Alitumia umbo la mashtaka: Karama husimama mbele ya baraza, Majivuno humshtaki, na habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kisha wakafungwa jela husimuliwa moja baada ya moja kama ushahidi. Hapo mshtakiwa ana kinywa. Swali ambalo utenzi haukuweza kulibeba, la haki ya watawaliwa mbele ya watawala wanaojiita wema, limeulizwa humo, ijapokuwa kwa fumbo. Anayetaka kujua fikra za Shaaban juu ya uhuru hana budi kuzisoma kazi hizo mbili pamoja.

Umbo hilo la kujibizana ndilo lililozaa kurasa bora za waandishi wengine, hata wasioandika kwa Kiswahili. Waruhiu Itote, katika tawasifu yake ya 1967, anasimulia jinsi askari wa Kiingereza huko Burma alivyomwuliza yeye Mwafrika anapigania nini, ikiwa Mwingereza anaipigania Uingereza yake. Itote hakuwa na jibu wakati ule, na kitabu kizima ni jibu lililochelewa. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika Weep Not, Child ya 1964, anamrudisha Boro nyumbani kutoka vita hivyo bila ndugu yake na bila ardhi, naye akawa mtu ambaye hakuna sifa ya kishujaa inayoweza kumtuliza.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na pwani ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Mapema katika riwaya hiyo watu wanabishana barazani. Ilyas, aliyelelewa na kusomeshwa na Wajerumani, anawatetea kwa heshima yao, na wenzake wanamwonyesha kwamba moyo wake umekwisha kutekwa. Baadaye Ilyas anajiunga na jeshi lao kwa hiari. Hapana nguvu iliyotumika. Kuna shukrani tu, nayo ni mtego mgumu kuuhukumu kuliko mnyororo. Mwisho wake ni kambi ya Sachsenhausen, chini ya Wajerumani wale wale. Mwisho huo haukubuniwa hewani: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika vita vya kwanza, alifia katika kambi hiyo mwaka 1944. Kwa Gurnah vita viwili ni kisa kimoja, na ubishi wa barazani ndio ufunguo wake. Hapa ndipo kauli ya Shaaban kuhusu Hitler inapothibitishwa na sauti za wale ambao utenzi haukuwapa zamu ya kusema.

Liko tukio moja la Kilindini ambalo lina kila kiungo cha utenzi na bado lingeushinda utenzi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa muda wa dakika chache. Walionusurika walikuwa wakielea majini, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikilinda msafara iliangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji pale pale walipokuwa, ili nyambizi isitoroke na kuzipiga meli nyingine. Nyambizi ilizamishwa baadaye. Waliokufa ni 1,297.

Je, kamanda yule alitenda haki? Aliokoa meli zilizobaki, na aliwaua watu waliokuwa wakimngojea awaokoe. Utenzi ungemtaka awe shujaa au dhalimu. Mchezo wa kuigiza ungeweza kumweka jukwaani pamoja na mpiga mizinga mmoja kutoka bara ya Mombasa, kila mmoja na hoja yake. Mtu huyo wa pili angalau ana jina lililoandikwa: waliopotea na meli hiyo wametajwa mmoja mmoja kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Makaburi hayo yako Nairobi. Msomaji wa Mtopanga anayetaka kulisoma jina la mtu aliyeingia melini Kilindini hana budi kusafiri hadi huko.