Leseni Isigeuke Hati ya Ukabaila

Wako makada wanaosema kwamba suala la umilikaji wa ardhi yenye madini limekwisha, maadam sheria inatamka kuwa madini ni mali ya umma. Hoja hii tunaikosoa. Si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli.

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka watu binafsi wamiliki ardhi moja kwa moja, Mwalimu Nyerere aliipinga katika kijitabu chake, "Mali ya Taifa". Msingi wake ni huu: mtu ana haki juu ya matunda ya jasho lake, lakini ardhi haikutengenezwa na mtu. Mwaka 1963 milki hizo za kudumu, nyingi za enzi ya Wajerumani, zikageuzwa kuwa za kupanga kutoka kwa serikali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likayaweka ardhi na madini katika njia kuu za uchumi. Korogwe, nchi ya mashamba ya mkonge, inaijua maana ya kutoa jasho katika ardhi yenye jina la mwingine.

Sasa tutazame hali halisi. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Watanzania peke yao, kwa miaka 7, na huweza kuhuishwa. Kada anayekwenda kwenye vito vya Kalalani, wilayani Korogwe, au kwenye dhahabu ya Handeni, aulize kwanza: nani anachimba, na nani anapokea mgawo? Katika machimbo mengi nchini, mwenye leseni hashiki sururu. Wenye maduara na vibarua wao huchimba. Yeye hupokea fungu la mawe kwa sababu ya karatasi. Mgawo huo ni kodi ya ardhi, ila haiingii katika hazina ya umma.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa na ya kati. Tunayaunga mkono. Lakini mrabaha hutozwa juu ya kilichochimbwa. Anayelihodhi eneo bila kulichimba hana mrabaha wa kulipa. Hudaiwa ada ya mwaka tu. Hivyo jasho linatozwa kuliko uhodhi.

Wengine watasema kwamba kupandisha ada kutamwumiza mchimbaji mdogo. Itamwumiza ikiwa itapandishwa kibubusa. Basi ada iwe ndogo kwa eneo moja linalochimbwa, na ipande kadiri mtu anavyoongeza maeneo na miaka ya kuyalaza. Asiyeweza kulipa arudishe eneo, wapewe ushirika wa wachimbaji.

Ndugu makada, ukabaila hauulizi rangi wala uraia. Kazi yetu ni kuutambua hata unapobeba leseni halali.