Utando Huliwa Zaidi Seli Ikipumzika

Agosti 1965 chombo cha Gemini 5 kiliruka kikitumia umeme wa seli za haidrojeni za General Electric. Ndani ya kila seli, utando wa polima ulitenganisha haidrojeni na oksijeni, ukiruhusu protoni kupita. Polima hiyo ilikuwa ya jamii ya polistaireni, na haikudumu: radikali za hidroksili ziling'oa haidrojeni kwenye minyororo yake, ikakatikakatika.

Nafion, polima ya kampuni ya DuPont, iliweka florini mahali pa haidrojeni hizo, kama ilivyo kwenye PTFE, plastiki inayopakwa vikaangio ili chakula kisigande. Umri ukarefuka, ila adui alibaki. Gesi hupenya utando kidogo kidogo, zikikutana kwenye platinamu ya kichocheo huzaa peroksidi ya haidrojeni, nayo ikigusana na ayoni za chuma hutoa radikali. Seli iliyowashwa bila kutoa umeme huumia zaidi, kwani gesi haitumiki, hivyo inayovuka huwa nyingi.

Dalili ilionekana katika maji yanayotoka kwenye seli: yalikuwa na floridi. Minyororo ilishambuliwa nchani, palipobaki asidi ya kaboksili tangu kiwandani, ikafumuka kama ukili ulioachia ncha. Kila hatua ilitoa kaboni dioksaidi na floridi, na kuacha ncha nyingine ya asidi ileile. DuPont ilizitibu ncha hizo kwa florini; floridi ikapungua sana, isiishe, maana matawi ya mnyororo nayo hushambuliwa.

Hapo ikaongezwa seriamu. Ayoni yake huipa radikali elektroni na kuizima, kisha peroksidi huirudisha katika hali ya awali, tayari kwa kazi tena. Lakini seriamu hukalia nafasi za protoni, na huhamahama na maji, ikiacha sehemu nyingine bila kinga.

Kuna pia uchovu wa kimwili. Utando uliobanwa kingoni huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hadi upasuke. Kampuni ya Gore iliuimarisha kwa wavu wa PTFE iliyovutwa, ndiyo maana unene umeshuka kutoka mikroni 183 za Nafion 117 hadi karibu 15 au chini.

Wizara ya Nishati ya Marekani huupima utando kwa saa 500 bila kutoa umeme katika nyuzi 90 za Selsiasi, na kwa mizunguko 20,000 ya kulowa na kukauka. Jaribio moja halitoshi: utando uliodhoofishwa na radikali hupasuka mapema, na ufa huongeza gesi inayovuka. Ukiuziwa seli, dai matokeo ya majaribio yote mawili yakifanywa kwa pamoja.