Viwili Katika Tafsiri: Uhakiki wa "Both", "Either" na "Neither"

Kivuko cha Likoni kina ng'ambo mbili tu, kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini. Mwingereza asemaye kwamba watu wamesimama "on either side" ataka kusema kuwa wako ng'ambo zote mbili. Akimwambia mtu asubiri "on either side", amempa hiari ya ng'ambo moja. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "either" ni "-o -ote" ataandika "ng'ambo yoyote" mara zote mbili, naye atakosa mara zote mbili: kwanza katika maana, kisha katika idadi, maana "yoyote" haijui kama vitu ni viwili au ni mia.

Kosa hili latokana na mazoea ya kuyapanga maneno katika safu, neno kwa neno, kana kwamba kila neno la idadi la Kiingereza lina ndugu yake huku pwani. "Both" haisumbui: "sote wawili" na "vyote viwili" ni Kiswahili safi. Taabu huanza kwa hayo mengine, na hapo wako wanaoamua upesi kwamba lugha ina upungufu.

Upungufu huo haupo. Ni kweli kwamba Kiswahili cha kale kilichukua kwa Waarabu "mitein" kwa 200 na "elfeini" kwa 2000, maneno yenye alama ya uwili wa Kiarabu, na sarufi ya uwili yenyewe kikaiacha. Lakini mkazi wa Likoni huiita ng'ambo asiyosimama "ng'ambo ya pili", na kiatu kikikosekana hutafutwa "mwenziwe". Katika "pili" na "mwenzi" uwili umekwisha kutajwa. Tena lugha hupenda kuvitaja viwili kimoja kimoja: "hii na ile pia", "ama hii ama ile", "si hii wala ile". Kiingereza huvifumba vyote viwili ndani ya neno moja. Mfasiri atafutaye neno moja la kulijibu hilo moja atafuta kisichohitajika.

Penye ukanushi jambo huwa zito zaidi. Mathalan, kibarua wa Changamwe adaiye ujira wake na wa mwenzake asema: "Hatukulipwa sote wawili." Kwa kiimbo kimoja, hakuna aliyepata senti. Kwa kingine, mmoja alipata: "Hatukulipwa sote wawili, alilipwa mwenzangu tu." Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikiweka kiimbo katika jina lenyewe la kitabu, na hakukosea, ila karatasi haina kiimbo. Ushahidi huo ukitolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, mkalimani aandikaye "we were not both paid" badala ya "neither of us was paid" amempa mmoja wao fedha asizozipokea. Kauli "hatukulipwa, si mimi wala mwenzangu" ingeufunga mlango huo, nayo ni ya kawaida kabisa vinywani mwa watu.

Katika sheria za nchi hatari ni ile ile. Ibara ya 256 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yaruhusu mswada wa kuirekebisha Katiba uanzishwe katika "either House", yaani Bunge la Taifa au Seneti. "Bunge lolote" haitoshi hapo, kwani Kenya ina mabunge 47 ya kaunti pia, na msomaji ana haki ya kuyafikiria. "Mojawapo" peke yake nayo haihesabu. Sharti ifuatwe na "ya mabunge haya mawili", au, bora zaidi, mabunge yenyewe yatajwe kwa majina. Kwa kuwa Ibara ya 259 yaipa nakala ya Kiingereza nguvu pindi nakala zikihitilafiana, tafsiri mbovu haitaibadili sheria. Itampotosha tu yule msomaji wa Kisauni ambaye nakala ya Kiswahili ndiyo pekee anayoweza kuisoma.